Maswali ya Wasomaji: Linux Haioni Kadi ya Mtandao

SWALI: Habari za kazi. Nimeweka Debian 12 kwenye laptopu. Mtandao wa waya unafanya kazi, lakini waifai haionekani popote. Amri ya `ip link` inanionyesha `lo` na `enp2s0` basi. Je, niufute mfumo nianze upya?

JIBU: Usiufute. Kama draiva (programu inayowezesha mfumo kuitumia kadi) haikuwemo kwenye kifurushi ulichotumia mara ya kwanza, haitakuwemo mara ya pili.

`ip link` huonyesha violesura, yaani milango ya mtandao ambayo draiva imekwisha kuiunda. Kadi isiyo na draiva haitokei hapo hata ikiwa nzima. (`lo` si kadi, ni njia ya kompyuta kuwasiliana na yenyewe.) Kwa hiyo ulizia kifaa chenyewe kwa `lspci -nnk`, kisha tafuta mstari wenye maneno `Network controller`. Ikiwa adapta yako ni ya USB, tumia `lsusb`.

Mstari huo usipokuwepo kabisa, usihangaike na draiva. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Linux haijawaka) uone kama waifai imezimwa. Kama haijazimwa, zima laptopu, chomoa chaji na betri, halafu ikaze kadi vizuri kwenye tundu lake.

Mstari ukiwepo, shuka chini yake utafute `Kernel driver in use`. Isipokuwepo, hapo ndipo kazi ilipo. Nakili namba zilizo ndani ya mabano ya mraba, mfano `[14e4:43b1]`. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek. Tafuta draiva kwa namba hizo, si kwa jina lililo kwenye boksi, maana jina moja la biashara huweza kubeba chipu tofauti. Kwa chipu hiyo ya mfano, Debian ina `broadcom-sta-dkms` katika sehemu ya `non-free` ya hazina yake ya programu; iweke pamoja na `linux-headers-amd64`, la sivyo draiva haitajengwa. Ukiona ujumbe `Key was rejected by service`, Secure Boot (ulinzi unaoruhusu programu zenye saini tu wakati wa kuwaka) imeikataa draiva kwa kukosa saini inayotambulika. Sajili ufunguo wa saini kwa `mokutil`, au zima Secure Boot.

Hali ya tatu huwachanganya wengi: draiva ipo, kiolesura hakipo. Andika `sudo dmesg | grep -i firmware`. Kosa lenye namba -2 maana yake faili la faimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) halikupatikana. Kuanzia Debian 12, mafaili hayo yako katika sehemu yake, `non-free-firmware`. Iongeze katika `/etc/apt/sources.list`, endesha `sudo apt update`, kisha weka `firmware-iwlwifi` kwa Intel au `firmware-realtek` kwa Realtek, na uwashe upya. Wewe una waya, kwa hiyo kupakua si tatizo. Asiye na waya aunganishe simu kwa kebo ya USB na kuruhusu simu igawe intaneti.

Kiolesura kikitokea lakini hakioni mtandao wowote, angalia `rfkill list`. `Soft blocked: yes` huondolewa kwa `sudo rfkill unblock wifi`. `Hard blocked: yes` haiondoki kwa amri hiyo, tafuta swichi au kitufe cha waifai kwenye laptopu.

SWALI: Nimeongeza SSD ya NVMe kwenye kompyuta ya mezani. Tangu hapo `enp3s0`, yaani kadi yangu ya mtandao wa waya, imetoweka na hakuna intaneti. Je, kadi imeungua?

JIBU: Yaelekea imebadilika jina tu. Katika `enp3s0`, 3 ni namba ya basi la PCI (njia inayounganisha kadi na kompyuta), na kifaa kipya huweza kuisogeza. Andika `ip -br link`. Huenda utaona `enp4s0`. Rekebisha jina katika `/etc/network/interfaces` au faili la netplan, kutegemea mfumo wako unatumia lipi kupanga mtandao. Ili lisihame tena, unda `/etc/systemd/network/10-lan0.link`: chini ya `[Match]` andika `MACAddress=` na anwani ya MAC ya kadi (namba yake ya utambulisho), chini ya `[Link]` andika `Name=lan0`. Tumia `lan0` hiyohiyo katika mipangilio, endesha `sudo update-initramfs -u`, kisha washa upya. Epuka kuiita `eth0`, kwani kerneli (kiini cha Linux) yenyewe hutoa majina ya aina hiyo na yanaweza kugongana.