Jibu: Ketobeli pamoja na vyuma, pumzi haiongezeki

Habari ndugu. Umesema unapiga swingi za ketobeli (kubembeza tufe la chuma lenye mpini kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua) kabla ya skwati (kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni), pumzi iko palepale na mgongo unachoka. Kwanza angalia mpangilio: vyuma vizito vitangulie. Mimi nilifanya hivyohivyo, dedilifti ikagoma kutoka sakafuni. Sasa nikimaliza vyuma, kila dakika ikianza napiga swingi 10 za kilo 24, sekunde zinazobaki napumzika, hadi dakika 10. Mara mbili kwa wiki, wala si siku ya kuamkia dedilifti.

Halafu tazama nyonga unapopiga swingi. Zirudishe nyuma kama mtu mwenye ndoo mikononi anayesukuma mlango kwa makalio; usichuchumae. Mabega yakichoka mwanzo, unavuta kwa mikono: shuka hadi kilo 16.