Waya za Mlingoti Kwanza, Friji Baadaye

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua boti ya matanga ya faiba, Westerly Centaur ya mwaka 1974. Imekaa miaka mingi kwenye mkono wa bahari hapa Kilifi bila kusafiri. Injini inawaka, ila dirisha moja linavuja, na aliyeniuzia hajui waya za mlingoti zilibadilishwa lini. Fedha nilizobakiza zinatosha jambo moja tu: ama paneli za sola, betri na friji ndogo, ama waya mpya. Nataka kuipeleka familia Lamu mwezi wa tisa. Nianze na lipi?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na waya. Watoto wakinywa maji ya uvuguvugu watafika Lamu salama. Mlingoti ukianguka katikati ya Ghuba ya Ungwana, na upepo wa kusi bado unasukuma, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, angalia chini. Centaur ina mikuku miwili, yaani mapezi mazito yaliyo chini ya tumbo lake, na huzama kama futi tatu tu, kwa hiyo huhitaji winchi ya kuivuta nchi kavu. Subiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, itie juu ya mchanga mgumu usio na mawe asubuhi mapema maji yakipwa, nayo itasimama wima yenyewe. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, ukapata saa kadhaa za kazi. Pangusa pale mikuku inapoungana na tumbo la boti, pakauke, kisha utazame: ukiona ufa, au maji yakichuruzika kutoka ndani, safari isubiri. Boti hizi zikikalia mchanga mara nyingi, mahali hapo ndipo panapochoka. Ndani nako, inua mbao za sakafu ukague boliti za mikuku.

Ukiwa hapo chini, kwaruza kwa kisu koki zote zinazopitisha maji ya bahari. Rangi ya manjano ni njema. Ukikuta wekundu kama wa shaba tupu, zinki iliyochanganywa na shaba imeliwa na chumvi, na koki hiyo yaweza kukatika mkononi. Weka ya bronzi. Halafu funga kigingi cha mbao laini cha kuzibia kando ya kila tundu, mtu aweze kukipapasa hata gizani.

Sasa waya. Pitisha kitambaa cha pamba juu yake polepole, hasa chini kabisa pale inapoingia kwenye kichwa chake cha chuma, maana maji ya chumvi hutuama hapo. Kitambaa kikinasa, uzi mmoja kati ya kumi na tisa umekatika. Usiseme zimebaki kumi na nane, badilisha zote. Nawe hata kisiponasa ningekushauri ubadilishe, kwa kuwa umri wake haujulikani, na joto na chumvi yetu havina huruma. Fungua pia vyuma vinavyozishika kwenye sitaha. Stenlesi huoza palepale penye unyevu pasipofika hewa, juu inang'aa, ndani imekwisha. Nimekishika kimoja cha namna hiyo. Kilivunjika kama biskuti.

Dirisha usilipake silikoni kwa nje, maji yatatafuta njia nyingine. Toa fremu nzima, safisha gundi ya zamani yote, ulipachike upya. Ni kazi ya siku moja na gharama yake ndogo.

Ukibakiza kitu, nunua paneli moja ndogo ya kutosha taa na pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti. Friji itakuja mwakani.

Waya zenyewe usizitoe zote kwa pamoja. Kaza henza, ile kamba ya kupandishia tanga, kwenye ubavu wa boti ishike mlingoti, toa waya moja, ipeleke kwa fundi iwe kipimo cha mpya, irudishe mpya mahali pake, ndipo uguse ya pili.