Maswali ya Wasomaji: PLC imesimama nikiibadilishia programu, je, imekufa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi umeme wa zamu katika kiwanda cha kusaga mahindi. Mitambo yetu inaongozwa na PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine) ya Siemens, aina ya S7-300. Juzi, huku kinu kinasaga, niliandika bloku mpya (kipande cha programu), FC 25, ili feni ya vumbi iendelee kuzunguka kwa dakika moja baada ya kinu kuzimwa, kisha nikaiita kutoka OB 1, ambayo ni bloku kuu ya programu. Nilipopakia OB 1 kwenye PLC tu, taa ya hitilafu, SF, iliwaka nyekundu, PLC ikaingia hali ya STOP na kila kitu kikasimama. Meneja anasema tununue nyingine. Je, imeharibika?
Fundi wa Zamu, Morogoro

JIBU: Ndugu Fundi, mwombe meneja asubiri, kwa sababu katika maelezo yako hakuna mahali unaposema kwamba FC 25 yenyewe uliipakia. PLC huisoma OB 1 kutoka juu hadi chini, na hurudia hivyo mara nyingi katika kila sekunde. Ilipofika kwenye wito wa bloku isiyokuwamo, iliitafuta OB 121, ambayo ndiyo hushughulikia makosa ya programu, na kama nayo haikuwapo, S7-300 haina njia nyingine ila kusimama.

Usikisie, thibitisha. Kabla ya kuzima umeme au kufuta chochote, unganisha kompyuta, fungua STEP 7, programu ya Siemens ya kuandikia PLC, na usome orodha ya matukio ambayo PLC hujiwekea, ambamo tukio jipya hukaa juu. Chini kidogo ya mstari wa STOP utakuta sababu, pamoja na jina la bloku na anwani ambapo kosa limetokea. Ikiwa badala yake inatajwa kwamba muda wa mzunguko mmoja wa kusoma programu umepita kiwango, ambacho kwa kawaida ni milisekunde 150, basi tafuta kitanzi kisichoisha (sehemu inayojirudia bila kukoma) ndani ya programu yako.

Siku nyingine, anza kupakia bloku inayoitwa, umalizie na inayoita. Unapoondoa, geuza mpangilio huo: futa wito kwanza, pakia OB 1, ndipo uifute FC. Bloku za FB, ambazo huweka thamani zake katika bloku ya data iitwayo DB, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ukiongeza kigezo kimoja tu, DB hiyo hutengenezwa upya, na ukiipakia thamani zilizomo hurudi mwanzo. Hesabu ya magunia ya zamu nzima inaweza kugeuka sifuri. Badiliko la namna hiyo lisubiri kinu kisimame.

Wapo mafundi watakaokushauri upakie OB 121 tupu ili PLC isisimame tena. Mimi siungi mkono. PLC itauruka wito wenye kosa na kuendelea kusaga, feni yako itazimika pamoja na kinu, na hakuna atakayejua mpaka vumbi lijae.

Kabla ya kurudisha swichi kwenye RUN ili PLC ianze kazi, hakikisha hakuna mtu aliyeingiza mkono kwenye mashine. Kwa mpangilio wa kiwandani, S7-300 huhifadhi yaliyomo katika baiti za kumbukumbu MB 0 hadi MB 15 hata inaposimama, kwa hiyo kama amri ya kuwasha mota imekaa humo, mota inaweza kuanza bila mtu kubonyeza kitufe.