Barua kwa mwanangu: Hawatakumbuka, kwa nini tuwatoe?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa amekaa kando yangu. Umesema siku ya pili tu ya likizo ya machipuko mlitoka alfajiri, mkaendesha gari muda wa saa nne kwenda kuona wanyama. Mkubwa akatapika njiani, mdogo akalia tangu mlipoingia langoni, na wakati wa kurudi wewe na mwenzio hamsemeshani. Halafu ukauliza, na sauti ikakupungua: "Baba, mmoja ana miaka minne, mwingine mwaka na nusu. Hawatakumbuka chochote. Kuna haja gani ya kuhangaika? Si tungoje wakue?"

Pole sana, mama. Najua uchovu wa siku kama hiyo unavyokaa mifupani. Na swali lako ni la haki, kwa sababu nusu yake ni kweli tupu. Watu wazima wengi, ukiwauliza kumbukumbu yao ya kwanza kabisa, watakutajia jambo la umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu hivi. Yaliyotangulia hayapo. Kwa hiyo huyo mdogo wako, akifika miaka ishirini, wale tembo hatakuwa nao.

Ila kusahau ukubwani ni jambo moja, na kutoshika kitu sasa ni jambo jingine kabisa. Kulikuwa na mwanasaikolojia Marekani, Carolyn Rovee-Collier, aliyewafunga watoto wachanga utepe kwenye kifundo cha mguu, ncha ya pili akaiunganisha na vikaragosi vinavyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha teke, vikaragosi vinacheza. Mtoto wa miezi mitatu akishalijua hilo, hukaa nalo karibu wiki nzima. Wa miezi sita, wiki mbili. Na akishasahau, ukimwonyesha tu kwa muda mfupi vile vikaragosi vikicheza, kesho yake mateke yanarudi. Hapo ndipo pamenikaa mimi moyoni. Kitu kidogo, akirudishiwa kabla hakijazama, anabaki nacho.

Sijui kama nimewahi kukusimulia habari ya mfereji. Ulikuwa na miaka miwili na miezi michache, likizo kama hii, matawi mengi bado matupu. Nilikuwa nimepanga twende ziwani. Mkoba begani, nguo za kubadili, maji, kila kitu. Hatua kama mia kutoka mlangoni palikuwa na mfereji wenye kifuniko cha chuma chenye matundu. Ukachuchumaa. Ukaokota kokoto, ukaiweka juu ya tundu, ukaisukuma kwa kidole kimoja, halafu ukainamisha sikio. Kimya. Kisha, chubwi! Ukanitazama macho yamekutoka, kana kwamba kuna mtu kule chini amekuitikia. Ukaokota nyingine. Mimi nikakushika mkono, nikasema twende, ziwa linatungoja. Ukaangua kilio, ukajilaza chini. Mama yako akasema, "Mwache. Yeye keshafika."

Tulikaa pale karibu saa nzima, na ziwani hatukwenda. Kesho yake ukanishika kidole ukanipeleka mwenyewe, na keshokutwa vilevile, mpaka ukajua kwamba kokoto kubwa hazipiti na zile ndogo mno hazitoi sauti. Mwaka uliofuata, baridi ilipokwisha, tulipita njia ile mimi nikiwa nimeshausahau huo mfereji. Wewe ulisimama, ukaanza kutafuta kokoto. Leo hukumbuki lolote, maana nimeshakuuliza. Lakini mimi nilikuona siku ile ukikumbuka.

Basi msingoje wakue. Punguzeni safari tu. Kwa siku zilizobaki chagueni mahali pamoja, pa kufika kwa miguu au ndani ya dakika 15, penye mti, udongo na nafasi ya kukimbia, mwende papo hapo kila mara. Usiogope watachoka napo. Majira haya ndiyo hasa yanayofaa kurudi mahali pamoja, kwa kuwa pale mlipopaacha Jumatatu, Ijumaa hamtapakuta vile. Mwonyeshe mkubwa tumba moja kwenye tawi la usawa wa macho yake, mfunge uzi wa rangi pale, awe anakwenda kulitazama. Ataliona limefumba kama ngumi, siku nyingine limepasuka linaonyesha kijani, siku nyingine kuna jani laini lililokunjamana. Huyo mdogo mpeni gogo lililooza, mligeuze pamoja mwone nani anaishi chini yake, kisha mlirudishe lilivyokuwa.

Na mnapokuwa pale, acheni mtoto aongoze. Najua ni vigumu. Mtu mzima ukitoka nyumbani una mahali unapokwenda, mtoto wa mwaka na nusu hana. Kwake kila hatua ni mahali. Ukihesabu matembezi kwa umbali utakasirika kila siku.

Jioni, kabla ya kulala, mrudisheni mkubwa kule kwa maneno. Si kumhoji kama mtihani. Sema, "Leo tulipogeuza lile gogo, yule mdudu mwenye miguu mingi alikimbilia wapi?" Kisha nyamaza umsikilize, umwongezee anapokwama. Wanasaikolojia wawili, Robyn Fivush na Elaine Reese, wamechunguza mazungumzo ya namna hii kwa miaka mingi, na wakaona kwamba watoto ambao wazazi wao huyasimulia yaliyopita kwa urefu, wakiuliza maswali ya wazi, hushika na kusimulia mambo yao vizuri zaidi. Huyo wa miaka minne yuko ukingoni kabisa pa umri wa kukumbuka. Ukimsaidia, huenda hili tawi akabaki nalo.

Kuhusu kutapika: hakuna aliyekosea. Kichefuchefu cha garini huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Sikio la ndani linamwambia anakwenda, macho yakiwa kwenye kitabu au simu yanamwambia ametulia, na mwili unavurugika. Mkisafiri tena, ondoeni simu na vitabu, aangalie nje mbele, fungueni dirisha kidogo, simameni mara kwa mara. Na makoti mazito, mama, wavueni kabla ya kuwafunga kwenye viti vyao. Gari likigonga, koti lile hubonyea na mikanda inabaki imelegea. Mfunge kwanza, ndipo umfunike koti juu ya mikanda.

Kile kilio cha mdogo nadhani ni usingizi. Uliniambia mliwaamsha alfajiri, na siku chache kabla yake saa zilikuwa zimesogezwa mbele, kama nchi za Umoja wa Ulaya zinavyofanya kila Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa hiyo mwili wake bado ulikuwa kwenye saa ya zamani. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linasema mtoto wa umri wake anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukiwemo, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Majira haya yanaiba usingizi kimyakimya, maana jioni mwanga unachelewa kuondoka na hakuna anayetaka kuingia ndani. Wekeni mapazia mazito, na matembezi yafanyike asubuhi. Usingizi wa mchana usiuguse hata kama jua ni zuri namna gani.

Sasa nisikilize kwenye hili, kwa sababu ndilo linaloniamsha usiku. Maji. Hewa ikishapata joto, watoto hudhani na mto umepata joto, kumbe maji huchelewa sana kupata joto na bado ni ya baridi kali. Mtu akitumbukia humo ghafla hupaliwa pumzi, hata anayejua kuogelea. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hatapitapi kama tunavyodhani. Anakwenda kimya, hata kwenye maji ya sentimita chache. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kaka yako alipokuwa na miaka mitatu aliteleza kwenye kidimbwi cha bustani nikiwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, nimempa mgongo, nafunga zipu ya mkoba. Sikusikia kitu. Niligeuka kwa bahati tu, nikamnyakua kwa kola. Hizo hatua nne bado naziota. Kwa hiyo penye maji, mmoja wenu awe karibu kiasi cha kumgusa mtoto, simu iko mfukoni, na mkibadilishana semeni kwa sauti: "Sasa ni wewe." Msidhani tu kwamba mwenzako anaangalia.

Mengine ni madogo. Jua la Aprili linaunguza hata kama upepo ni wa baridi, basi kofia msiisahau. Na mkitoka kwenye majani marefu wakagueni ngozi. Mkikuta kupe, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma.

Mwambie mwenzio namsalimu, na kwamba sijamwona ana kosa katika habari yote uliyonieleza. Siku moja ya likizo hii mmoja wenu awatoe watoto, mwingine alale. Kisha mbadilishane.

Jumapili jioni nitapiga simu. Mpe mjukuu wangu mkubwa asimame peke yake na simu, nataka anieleze mwenyewe lile tumba limefikia wapi na nani walikuwa chini ya gogo. Na mama yako anaomba mpime jani la kwanza kwa kidole cha mdogo, tujue lipi refu.

Akupendaye daima,
Baba