Kwanza simu ya mteja, fremuweki baadaye

Kabla hujaanza kulinganisha React na Vue, fremuweki (seti za msimbo uliokwisha kuandikwa) za kujengea skrini za programu za wavuti, shuka katikati ya Kampala kwenye maduka ya simu, ununue simujanja ya bei ya chini kuliko zote: Itel au Tecno yenye RAM ya gigabaiti 1 au 2, hata kama imeshatumika. Iweke mezani kando ya laptopu. Hiyo ndiyo itakayokuambia fremuweki gani inakufaa. Laptopu yako haiwezi kukuambia lolote, maana inafungua kila kitu.

Natengeneza programu za wavuti hapa Kampala, ila wateja wangu wengi wako mbali na mji: vikundi vya akiba na mikopo, wauzaji wa jumla, shule mbili tatu. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Uganda, na kazi nyingi bado zinanijia kutoka kule kwa sababu tunajuana na tunaelewana kwa Kiswahili bila kuhangaika.

Kuna mfumo mmoja nilikabidhiwa huko, wa kikundi cha akiba, uliotengenezwa na kampuni nyingine kwa React. Kwangu ulifunguka papo hapo. Nikaenda kukaa na mweka hazina dukani kwake, anauza unga na sukari. Akagusa alama ya programu, skrini ikawa nyeupe. Akaiweka simu juu ya gunia, akampimia mteja kilo mbili za sukari, akahesabu chenji, akaichukua simu tena. Bado nyeupe. "Mwanangu," akaniambia, "hii unaifungua ukiweka maji ya chai jikoni. Yakichemka, nayo imeiva." Wala hakuwa analalamika. Alikuwa ananifundisha jinsi ya kuitumia.

Ukisikia hivyo utadhani ni mtandao. Nilichomeka simu yake kwenye laptopu kwa waya wa USB, nikafungua Chrome, chrome://inspect, nikaangalia kinachotokea ndani. Mafaili yalikuwa yameshafika zamani. Simu ndiyo ilikuwa inahangaika nayo. Picha ya kilobaiti 300 na JavaScript (lugha inayoendesha programu ndani ya kivinjari) ya kilobaiti 300 zinakula data sawa, lakini baada ya kufika kazi zake hazifanani. Picha inafunguliwa na kuonyeshwa, basi. JavaScript inatanuka, pengine hadi karibu megabaiti nzima, kisha kivinjari kinaisoma, kinaichambua na kuiendesha, ndipo mtu aone hata kisanduku cha kuandikia nywila. Kwa prosesa ya simu ya bei ya chini hiyo ni shughuli pevu.

Sasa hapa ndipo watu hukimbilia kusema React ni nzito. React yenyewe katika mfumo ule ilikuwa makumi machache ya kilobaiti. Kilichobaki kilikuwa maktaba (msimbo wa wengine unaouazima) ya kuchora grafu, maktaba ya tarehe iliyobeba lugha za dunia nzima, seti kamili ya aikoni ambazo kati yake zilitumika chache tu, na vitufe vilivyotengenezwa tayari vya mtindo wa kisasa. Vyote vilipakuliwa kwenye ukurasa wa kuingilia, wenye visanduku viwili na kitufe kimoja. Tulipouondoa mzigo ule na kuugawa msimbo kwa kurasa, React ile ile ikafunguka vizuri kwenye simu ile ile. Kwa hiyo ukilinganisha uzito, usiishie kwenye namba zilizoandikwa kwenye tovuti ya fremuweki. Angalia watu wanaoitumia wana mazoea ya kubeba nini pamoja nayo.

Na data ni pesa. Tangu Julai 2021 kila bando la intaneti Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake, na kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, tulilipa shilingi 200 kwa siku ili tu tuingie WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Watu waliozoea hivyo wanazihesabu megabaiti zao. Wengi wanatumia Opera Mini, ambayo ikiwa kwenye hali ya kubana zaidi huendesha JavaScript kwenye seva za Opera, tena kwa muda mfupi tu, halafu inakutumia ukurasa uliokwisha kupikwa. Programu inayotegemea JavaScript kwa kila kitu inaweza kutokea tupu kabisa humo. Waulize watumiaji wako wanatumia kivinjari gani kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Jambo la pili, ambalo vijana hawapendi kulisikia: kazi nyingi tunazopewa hapa hazihitaji fremuweki ya upande wa mbele hata kidogo. Tovuti ya shule, ya hoteli, ya kanisa, ya shamba la kahawa, fomu ya kujiandikisha, orodha ya bei. Seva itoe HTML, yaani ukurasa uliokamilika, iwe kwa Django (ya Python) au Laravel (ya PHP), na pale panapohitaji uchangamfu kidogo weka maktaba ndogo kama htmx au Alpine, ambazo kila moja ina kama kilobaiti 15 ikibanwa. Kuna shule Tororo niliyoifanyia hivyo kwa sababu moja tu: mwalimu wao wa kompyuta anajua HTML na PHP. Leo anabadilisha ratiba na ada mwenyewe, na mimi sipigiwi simu Jumapili.

Utajuaje basi kwamba sasa unahitaji fremuweki? Hesabu vitu vinavyobadilika pamoja kwenye skrini moja. Chukua fomu ya oda ya muuzaji wa jumla. Karani anabadilisha katoni za sabuni kutoka 10 kuwa 40. Jumla inabadilika. Punguzo la katoni 30 na zaidi linaingia. Deni la mteja linazidi kikomo chake, kwa hiyo kitufe cha kuuza kwa mkopo kinazimika na onyo linatokea. Idadi iliyobaki stoo inashuka, na bidhaa nyingine kwenye orodha inageuka nyekundu. Ukiandika haya kwa jQuery, maktaba ya zamani ya JavaScript, wewe ndiye unayekumbuka kugusa kila sehemu, na siku utakayosahau moja karani atauza mkopo usioruhusiwa. Fremuweki inakuondolea kazi hiyo: unaeleza skrini iweje kwa hali fulani ya data, na data ikibadilika skrini inafuata. React, Vue, Angular na Svelte zote zinafanya hivi. Zinatofautiana namna zinavyofanya, na namna zinavyoishi na watu.

React ilitolewa na Facebook mwaka 2013. (Facebook yenyewe ilifungwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi, lakini React haikuguswa, na darasani bado ni hiyo hiyo.) Kama unatafuta kuajiriwa Kampala, jifunze React, tusibishane. Ndiyo inayotajwa zaidi kwenye matangazo ya kazi, ndiyo vijana wanayotoka nayo kwenye mafunzo, na ukiijua vizuri kuhamia React Native kwa ajili ya programu za Android hakukusumbui sana. Taabu yake ni kwamba ni maktaba tu. Namna ya kuongoza kurasa, namna ya kuvuta data, namna ya kuhifadhi hali ya data, unachagua wewe. Matokeo yake ni kwamba miradi miwili ya React inaweza kutofautiana kama nyumba za mafundi wawili, na anayerithi anaanza kwa kutafuta swichi ya taa iko ukuta gani. Halafu video nyingi za zamani zinafundisha komponenti (vipande vya skrini) za klasi, mtindo wa kabla ya mwaka 2019 ulipoingia mtindo mpya wa hooks, au zinakuanzishia mradi kwa zana ya Create React App, iliyostaafishwa mwaka 2025. Anzisha mradi kwa zana ya Vite, na usome tovuti rasmi, react.dev, moja kwa moja. Ukiwa tayari na msimbo wa React na simu za wateja zinalemewa, jaribu Preact. Ina kilobaiti chache sana na inaelewa sehemu kubwa ya msimbo ulioandikiwa React.

Vue ndiyo naipenda, sitaficha. Evan You, aliyewahi kufanya kazi Google, aliitoa mwaka 2014, na hadi leo haimilikiwi na kampuni kubwa yoyote. HTML, msimbo na mtindo vinakaa kwenye faili moja, na mtu anayejua HTML ya kawaida anaisoma bila mkalimani. Mwaka 2016 Laravel 5.3 ilikuja na Vue ndani yake, ndiyo maana watu wa PHP wanakuwa wameshaigusa mahali fulani. Kwa timu ya watu wawili watatu yenye seva ya Laravel, sioni sababu ya kwenda kwingine. Ila chunga: Vue 2 iliachwa rasmi tarehe 31 Desemba 2023, na baadhi ya viongezi vyake havikuhamia Vue 3. Ukikabidhiwa mfumo wa Vue 2 leo, kadiria kazi ya kuuhamisha kabla hujataja bei.

Angular sina mengi ya kusema juu yake kwa wasomaji wa hapa. Inakuja na kila kitu, kurasa, fomu, mawasiliano na seva, majaribio, na unaandika TypeScript (JavaScript yenye kukagua aina za data) utake usitake. Benki au taasisi yenye watu wanaoingia na kutoka inanufaika na ukali huo, kwa kuwa mgeni anakuta mafaili yamepangwa kama alivyozoea. Mtu mmoja anayetengeneza mfumo wa duka la vipuri atachoka. Wakongwe pia hawajasahau mwaka 2016, Angular mpya ilipoandikwa upya kabisa na AngularJS, ile ya kwanza, ikabaki nyuma hadi msaada wake ulipokoma mwisho wa 2021.

Svelte, ya Rich Harris, ndiyo ambayo simu ya Itel inaipenda kuliko sisi sote. Inafanya sehemu kubwa ya kazi kwenye kompyuta yako wakati wa kujenga, kwa hiyo programu ndogo inafika kwa mtumiaji ikiwa nyepesi sana. Naitumia kwa kazi ambazo najua nitazitunza mwenyewe. Sijawahi kuipendekeza kwa mteja wa mbali, kwa sababu siku nikiumwa, atampata wapi Busia au Mbale mtu wa kuishika? Toleo la 5 la mwaka 2024 nalo lilibadilisha namna ya kuandika, kwa hiyo hata mafunzo yaliyopo yako ya aina mbili.

Swali hilo la nani ataushika mfumo ndilo la kumuuliza mteja mapema, kabla hajakuonyesha rangi anazotaka. Kama jibu ni "wewe tu", basi chagua unachokimudu. Kama ana kijana wake, omba ukutane na kijana huyo na uangalie anaandika nini. Nimewahi kubadili mpango mzima kutoka React kwenda Vue baada ya kukaa na mpwa wa mteja kwa muda wa soda moja.

Kuna mambo ambayo fremuweki yoyote haitakutatulia, na kwetu ndiyo yanayouma. Busia simu inaweza kurukia mtandao wa Kenya ukisogea mtaa mmoja, na maombi yaliyokuwa njiani yanapotea. Karani anabonyeza "Hifadhi" tena, na malipo yanaingia mara mbili. Dawa yake ni kuipa kila shughuli namba ya pekee inayotengenezwa kwenye simu kabla ya kutumwa, ili seva ikiiona mara ya pili iitambue na irudishe jibu lile lile bila kuiingiza tena. Data isiyotumwa ikae IndexedDB, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, na service worker (msimbo unaofanya kazi nyuma ya ukurasa) ihifadhi kurasa ili programu ifunguke hata bila mtandao. Maktaba ya Workbox ya Google inasaidia hapo, na haijali kama umetumia React au Vue. Vivyo hivyo kwa pesa: usipakue maktaba ya kupanga namba. Kivinjari kina Intl.NumberFormat, ukiitajia sw-UG (Kiswahili cha Uganda) na UGX (shilingi ya Uganda) inaandika shilingi bila senti, kama tunavyoziandika wenyewe.

Kwako wewe unayelipa bando kujifunza: folda ya node_modules, inayobeba vifurushi vya mradi mmoja, inaweza kufika mamia ya megabaiti, na npm, zana ya kawaida ya kuvuta vifurushi, hurudia nakala zile zile kwa kila mradi. Tumia mbadala wake, pnpm. Inaweka kifurushi mara moja kwenye diski na miradi yote inaelekezwa hapo, kwa hiyo kifurushi ambacho tayari unacho hakipakuliwi upya wala kujaza diski. Vifurushi vizito vivute ukiwa mahali penye Wi-Fi, na umeme ukikatika nyumbani bado utakuwa na kila kitu kwenye mashine.

La mwisho ni mkataba. Mimi sasa naandika ndani yake jina la fremuweki na namba ya toleo, na kipengele kinachosema kwamba kuhamia toleo kuu jipya ni kazi ya kulipiwa, inayokaguliwa mara moja kwa mwaka. Angular, kwa mfano, hutoa toleo kuu kila miezi sita na kila toleo hupata msaada kwa miezi 18, kwa hiyo mteja anayedhani amenunua kitu cha milele atakuja kukulaumu bure. Wengine hugoma kusaini kipengele hicho. Hao nawatengenezea kurasa za HTML kutoka kwenye seva, na bei inashuka ipasavyo.