Fally Bercy 2020: nilikuwa ndani, naomba nisimulie

Mleta uzi amepata nafasi ya kusoma Ufaransa na anatamani kumwona Fally Ipupa, mwanamuziki wa Kongo, kwenye ukumbi mkubwa kabla hajarudi Mwanza. Sasa kaona zile video za pikipiki zinawaka moto nje ya ukumbi, kaingiwa na woga. Anauliza kama kuna usalama, akate tiketi ya wapi, na kama inastahili hela ya mwanafunzi. Wengi mmemjibu "nenda tu mkuu", na mmoja kamwambia afungue YouTube alale. Hizo video ni za tarehe 28 Februari 2020. Siku hiyo nilikuwa Bercy, ukumbi wenyewe huo wa Paris, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika marefu.

Nianzie mbali kidogo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sikugeuza njia nilipouona moshi. Nimezaliwa Kigoma, Mwanga. Upande wa baba ni watu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video, na mwenyewe alikuwa na mtu wake kwenye boti za Kongo anayemletea kanda. Miaka ile zilikuja za shoo za Bercy, za wanamuziki wakubwa wa Kongo, moja baada ya nyingine: Koffi Olomide Februari 2000, Werrason Septemba mwaka huohuo, halafu JB Mpiana 2001. Sisi watoto hatukujua Bercy ni ukumbi. Mimi nilidhani ni nchi. Watu walisema "Wera ameenda Bercy" kama wanavyosema fulani ameenda Maka, na aliyerudi huko hakuwa tena mtu wa kawaida.

Umeme wa Kigoma enzi hizo mnaujua wenyewe. Ulikuwa unakatika katikati ya sebene, ile sehemu ya kucheza, yaani pale pale gitaa la solo linapoanza kuchemka. Hakuna aliyetoka. Vijana walikuwa wanaendeleza solo kwa midomo, mmoja anapiga besi kwa kifua, mwingine anakuwa atalaku, yule mpiga kelele wa kuchochea wachezaji, gizani, mpaka taa zirudi. Na zikirudi, kanda ikiendelea ilipoishia, tulikuwa tunaona kama Wakongo ndio wamekosea.

Kwenye Quartier Latin, bendi ya Koffi, wakati huo alikuwemo kijana aliyejiunga mwaka 1999, sauti laini kama anaogopa kumwamsha mtu. Ndiye huyu Fally. Mwaka 2006 akatoa Droit Chemin, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, na tangu hapo mimi ni wake. Dicap la Merveille, ndivyo tunavyomwita. Sijui Lingala ya kuombea maji, lakini nyimbo zake naimba mwanzo mwisho. Wapenzi wa bolingo, muziki huu wa Kongo, wote wa Afrika Mashariki tuko hivyo, tusidanganyane.

Sasa kwa nini palichomwa moto. Kuna Wakongo wa ughaibuni wanaojiita combattants. Hoja yao ni kwamba wanamuziki wanakula na watawala wa Kinshasa, wanawaimbia, na wananyamaza wakati watu wa Mashariki ya Kongo wanauawa. Kwa zaidi ya miaka kumi walikuwa wamezifunga kumbi kubwa za Paris kwa bendi za Kongo. Fally mwenyewe alipotaka kupiga kwenye ukumbi wa La Cigale mwaka 2017, polisi walilizuia onyesho kwa kuhofia vurugu. Kwa hiyo Bercy 2020 haikuwa shoo tu. Ilikuwa kupimana nguvu.

Na mimi siwezi kuwacheka. Nina ndugu Uvira. Hoja yao ya vita naielewa kuliko wengi wenu humu. Ila pikipiki ya kijana wa watu aliyeiegesha akaenda kazini, hiyo imemkosea nani?

Siku yenyewe nilitoka na shangazi yangu, dada yake baba, tunakaa naye Noisy-le-Grand, nje kidogo ya Paris. Tiketi nilikuwa nimenunua tangu Desemba na bei nikamficha mume wangu (bado hajui, na humu hayumo). Kawaida kutoka kwetu unapanda treni ya RER A, unashuka Gare de Lyon, unabadilisha kwa metro laini ya 14, kituo kinachofuata ndicho Bercy. Rahisi. Lakini jioni ile tukiwa ndani ya treni ikatangazwa kwamba haisimami Gare de Lyon. Simu zikaanza kuita behewa zima. Mama mmoja aliyevaa kitenge chenye picha ya tai akapokea, akasikiliza, akasema kwa sauti, "Moto." Basi.

Tukashuka kituo cha Nation. Hapo shangazi alikuwa na haki ya kusema turudi, na kweli nilimwangalia nikisubiri aseme. Alikuwa amesuka tangu juzi, kavaa viatu vya kisigino alivyoviweka kabatini kwa ajili ya harusi ya mwanangu ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu. Akaniuliza, "Laini ya 6 inatembea?" Nikamwambia inatembea. "Sasa unaniangalia nini?"

Tulishuka Dugommier, kituo kimoja kabla, tukamalizia kwa miguu. Upande wa Gare de Lyon moshi mweusi ulikuwa umesimama kama nguzo, na harufu ya plastiki na matairi ilikuwa inakuja na upepo. Magari ya polisi hayahesabiki. Lakini kwenye foleni yetu, ajabu, watu walikuwa wamependeza kama hawaoni kitu. Kuna baba mmoja mbele yetu alivua koti, akalikunja taratibu na kulilaza mkononi ili bitana ionekane, ni ya hariri nyekundu, halafu akakohoa kwa ajili ya moshi, halafu akalinyoosha tena lile koti. Wakongo bwana.

Mlangoni ndiko shangazi alikoniaibisha. Kwenye tiketi imeandikwa chupa za kioo haziingii, nilimsomea mwenyewe kwa Kiswahili nyumbani. Mlinzi kufungua pochi, akakuta manukato, chupa imejaa. Akamwonyesha pipa. Shangazi hakubishana. Alisogea pembeni, akajipulizia shingoni, mikononi, kwenye kilemba, akanipulizia mimi, akampulizia yule mama wa kitenge cha tai aliyetufuata tangu Nation, akapulizia na mabinti wawili tusiowajua waliokuwa wanapita wanacheka. Chupa ilipofika nusu akaiweka kwenye pipa kwa upole, kama anaweka mtoto. Mpaka leo nikisikia harufu ile nasikia na matairi yanayoungua, vyote pamoja.

Tulikaa juu pembeni. Viti viwili vya kushoto kwangu vilibaki vitupu mpaka mwisho. Niliwafikiria sana hao watu. Labda walikwama na treni, labda walitoka nyumbani na watoto wakaona moshi wakarudi. Bercy inaingia watu kama 20,000, na ukiwa juu unaona kila penye pengo.

Taa zikazimwa. Hapo, mdogo wangu, sina namna ya kukueleza ukaelewa kama hujawahi. Ukumbi wote gizani watu wanapiga kelele, na mimi akilini niko kibanda umiza, umeme umekatika, nasubiri taa zirudi. Ziliporudi, yule mtu alikuwa amesimama pale. Shangazi alikaa chini. Wote tumesimama, yeye akakaa, akashika uso. Nilidhani ni viatu.

Sitawaorodheshea nyimbo, zipo mtandaoni. Nitasema kuhusu sebene, kwa sababu ndiyo jibu la swali lako la kiti. Rumba ya Kongo inaanza taratibu, mashairi, majina ya watu yanatajwa, unaweza hata kuongea na jirani yako. Halafu ngoma inakata kona, gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukirudia, kila mara kinabadilika kidogo tu, atalaku anachochea, wanenguaji wanaingia, na hapo hakuna mwenye jirani. Raha yote iko kwenye lile gitaa. Sasa mimi kutoka nilikokaa, kwenye skrini vidole vya mpiga solo vilikuwa vinatangulia sauti. Kitu kidogo sana, lakini sikio lililozoea sebene linakamata. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, ukikaa mita 70 kutoka jukwaani inakufikia imechelewa moja ya tano ya sekunde, na kwenye kucheza hiyo ni nyingi. Unakuta upande mmoja wa ukumbi unainua mikono, upande mwingine ndio kwanza unashusha.

Kwa hiyo usinunue kiti kwa kuangalia ukaribu na jukwaa peke yake. Tazama ramani ya ukumbi, tafuta pale wanapoweka meza ya mafundi mitambo, kwa kawaida ni sakafuni kukabiliana na jukwaa, kati au nyuma kidogo. Fundi anachanganya sauti kwa kile anachokisikia yeye pale alipo. Ukikaa jirani yake unasikia alichokusudia. Kule mbele kabisa kwa waliosimama utamwona Fally jasho, sawa, lakini besi itakupiga kifuani mpaka gitaa huligundui, na kwa urefu wa watu wa huku utaona zaidi migongo. Vizibo vya masikio uombe, kumbi za Ufaransa zinatakiwa kisheria kuvitoa bure. Usione aibu. Mimi niliona aibu, siku mbili masikio yakanipigia filimbi.

Suala la usalama. Ndani sikuona hata mtu mmoja akisukumana na mwenzake. Wa viti wana namba zao, milango inahesabu. Linganisha na uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa, Oktoba 2022, shoo ya Fally huyohuyo: watu walizidi uwanja, wakakanyagana, 11 wakafariki, wakiwemo polisi. Pale hapakuwa na combattant wala kiberiti, kulikuwa na watu wengi kuliko nafasi. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anaogopa maandamano kuliko anavyoogopa ukumbi uliofurika, namshangaa kidogo.

Kutoka, tulirudi kwa miguu mpaka Daumesnil, kundi kubwa, watu wanaimba, polisi wanatutazama. Shangazi kavua viatu anatembea na soksi, Februari hiyo. Nilimuuliza mbona ulikaa chini taa zilipowaka. Akasema kaka yake, yaani baba yangu, ndiye aliyekuwa anapenda Bercy. Alikuwa na kanda ya Koffi aliyoificha chini ya godoro ili isiazimwe. Hilo mimi sikulijua. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na nilikuwa naenda kibanda umiza kwa kutoroka nikidhani angenichapa.

Kesho yake, tarehe 29, serikali ya Ufaransa ikapiga marufuku mikusanyiko ya zaidi ya watu 5,000 ndani ya kumbi, kwa ajili ya korona. Katikati ya Machi tukafungiwa ndani. Kwa hiyo usiku mmoja mbele na ile shoo isingekuwepo, na mimi ningekuwa na tiketi na sababu ya kueleza bei yake.

Inastahili hela? Kwangu ndiyo, lakini mimi nilikuwa nalipa deni la kibanda umiza. Kama ni kumsikia tu, yule ndugu wa YouTube hajakosea, sauti ya huko ni safi kuliko niliyoipata mimi kule juu. Kama unataka kusimama gizani na watu maelfu wanaosubiri gitaa lilelile unalolisubiri wewe, kula ugali na mayai mwezi mzima, nunua. Nunua mapema, kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, achana na watu wa WhatsApp.

Tulirudi kumwona tarehe 25 Novemba 2023, Paris La Défense Arena kule Nanterre, ukumbi wa watu 40,000 ambao siku nyingine unachezewa raga. RER A hiyohiyo, safari hii ikatupita Gare de Lyon kama kawaida, ikatushusha Nanterre-Préfecture bila tangazo lolote. Pakubwa mno kwa ladha yangu, Fally alikuwa kama kidole, ila hapo nilikata tiketi karibu na meza ya mafundi na kila nota ya solo niliila. Shangazi alivaa raba. Manukato alijipulizia nyumbani, nusu chupa, na treni nzima ilijua.