Mshipa Uliojificha

Wadogo zangu mnaoanza zamu za mapokezi ya dharura hapa Pemba, kuna jambo kuhusu hofu na mwili darasani nilifundishwa na mtihani wake nikafaulu, lakini kulielewa kulinichukua miaka.

Msimu wangu wa kwanza wa karafuu aliletwa kijana aliyeanguka mkarafuuni. Alishushwa kwenye pikapu, shati bado limenasa vikonyo. Nikaushika mkono kutafuta mshipa wa kuwekea dripu. Hakuna. Mkono wa baridi, umelowa jasho. Nikachoma mara moja, mara ya pili, ya tatu, na kila nikichoma naye anazidi kujikaza. Vidole vyangu vinatetemeka, mama yake mlangoni anasoma dua. Akaja dada mkubwa wa zamu, akanisogeza taratibu, akavuta kigoda akakaa. "Mwanangu, jina lako nani? Leo umekula nini?" Huku anazungumza akauteremsha ule mkono chini ya usawa wa kitanda, akaufunika kitambaa cha maji ya vuguvugu. Baada ya dakika mbili tatu mshipa ukainuka.

Ulikuwepo muda wote. Ubongo ukihisi hatari hausubiri mtu afikiri: neva zinapelekewa amri, na tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Walter Cannon, mtaalamu wa Marekani, aliyaandika haya mwaka 1915. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Moyo unakwenda mbio, ini linatoa sukari, mate yanakauka, damu inapunguzwa kwenye ngozi na tumbo ili misuli mikubwa ipate zaidi. Ndiyo maana mishipa ya mkononi inajibana. Kila ulipomchoma ukakosa, ulimwongezea sababu ya kuibana.

Na wewe uliyeshika sindano una adrenalini ile ile. Mkono ukitetemeka usijione mwoga. Toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko uliyoivuta, mara tatu au nne, kwa sababu moyo hupunguza mwendo pumzi inapotoka. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako. Mgonjwa hatakudharau.

Hapa lakini nawaomba mnisikilize sana. Anayevuja damu ndani, tuseme bandama imepasuka kwa kuanguka, naye huwa na ngozi baridi, jasho na moyo wa mbio, maana mwili unatumia njia zile zile kuokoa damu iliyobaki. Msiseme "ana hofu tu huyu". Hofu ya kawaida hushuka mtu akitulizwa. Mapigo yakiendelea kupanda wakati ameshalazwa na kutulia, iteni daktari hapo hapo, hata kama presha bado nzuri. Kwa kijana presha huchelewa kuanguka, na ikianguka ameshapoteza damu nyingi. Yule kijana wangu nilimpima mapigo kila baada ya dakika chache mpaka alfajiri. Alikuwa amevunjika mkono wa pili, ndani salama.

Kliniki ya presha mambo ni ya polepole, ila mwili ni ule ule. Bibi mmoja alitoka Micheweni kwa daladala, akapanda ngazi zetu, akakaa, nami nikamfunga mkanda wa kipimo papo hapo huku namuuliza habari za wajukuu: 172 kwa 98. Akanitazama, "Mwanangu, ndo nakufa?" Nikamwambia, "La, bibi, tulia kwanza." Nikamwegemeza mgongo, miguu ikakanyaga chini, mkono nikauweka juu ya meza usawa wa moyo, tukanyamaza dakika tano nzima. Nikapima tena: 138 kwa 84. Ile ya kwanza sikuifuta. Niliziandika zote mbili kwenye kadi yake, kila moja na saa yake, na pembeni nikaongeza kwamba ya kwanza alipimwa akiwa ametoka kupanda ngazi.